Tajiri wa Unga Tumsifu Hadi Lini?

Vijana wenzangu mnaobandika picha ya Tony Montana ukutani, nauliza: Scarface mliitazama mpaka mwisho? Filamu hiyo ya 1983 inamtoa mkimbizi wa Cuba kwenye kuosha vyombo, inampa jumba, kisha inamuulia humo humo, pua imejaa kokeini. Oliver Stone aliyeiandika aliwahi kutekwa na kokeini mwenyewe, alijua anachokisema. Sisi je? Hadithi zetu zinahesabu magari ya muuza unga. Teja anaambulia mstari mmoja, tena wa kuchekwa. Jamani, hapa Ngamiani teja ana mama, na sufuria za mama zimeuzwa moja moja. Hiyo ndiyo riwaya. Waandishi wa Tanga, tuingieni jikoni humo!