Semina Haijawahi Kukausha Samaki

Biashara ya samaki wa Ziwa Turkana ikizorota, dawa ni ile ile: waitwe semina. Karani wa ushirika, muuzaji wa duka la Lodwar na mchuuzi wa Kakuma wanaingizwa ukumbini kufundishwa uongozi, mipango na namna ya kumhudumia mteja. Jioni ya mwisho wanagawiwa fomu. Umejifunza? Sana. Mkufunzi alikuwaje? Hodari. Fomu inajazwa nauli ikiwa bado haijatolewa. Nani ataandika kwamba amepotezewa siku zake? Kisha ripoti inatoka: utendaji wa wafanyakazi umeimarika.

Imani hii, kwamba samaki hawauziki kwa sababu muuzaji hajui kazi yake, imetugharimu vya kutosha. Inamtwika mnyonge lawama za watu wanaopanga bajeti.

Twende Kalokol, kama kilomita 60 kutoka Lodwar. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ilijenga pale kiwanda cha kugandisha samaki, katika mradi uliotajwa kugharimu dola milioni 22 hivi. Kiliendeshwa siku chache tu kikafungwa. Kugandisha samaki kwenye joto lile, na kupata maji safi jangwani, kulikula fedha nyingi kuliko zile ambazo samaki mwenyewe angeweza kuleta. Kabla muongo huo haujaisha, Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa tegemeo la wavuvi, nayo ikakauka. Ni kozi gani ya usimamizi ingerudisha maji ghubani? Sisemi ushirika wa wavuvi uliongozwa na malaika, lakini hata malaika wasingeweza kulipa bili zile.

Muuzaji wa samaki mkavu ana adui mdogo zaidi kuliko hayo yote: dudu. Samaki aliyepasuliwa akatiwa chumvi kidogo, kisha akaanikwa mchangani kwa kukosa kichanja, huingiwa na dudu kabla hajafika mbali. Mnunuzi anayejua mambo humchukua mmoja juu ya fungu na kumgonga mezani. Unga ukidondoka, bei imedondoka nao. Mama aliyemnunua samaki huyo ufuoni kwa mkopo atatabasamu alivyofundishwa, ataandika daftari lake vizuri, na hasara itabaki pale pale.

Na Kakuma? Kambi ile ya wakimbizi, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina Wakongo na Warundi wanaompenda samaki mkavu, kwa hiyo soko lipo. Lakini mfuko wa mnunuzi haujazwi Kakuma. Mpango wa msaada wa chakula uitwao Bamba Chakula ulipoanza mwaka 2015, mkimbizi alipata kuchagua mwenyewe cha kununua kwa fedha zilizoingia kwenye simu. Mwaka 2025 ufadhili ulipokauka, mgao wa chakula ukashushwa chini ya theluthi moja ya kiwango kamili. Sasa mpime muuzaji wa samaki kabla na baada ya mwaka huo. Utamwona mzembe, na wala hajabadilika hata kidogo. Mpime wakati fedha zinapoongezeka, na mkufunzi atajipigia makofi.

Wenye semina wana hoja moja nzito, na haki wapewe. Watafiti David McKenzie na Susana Puerto waliwafuatilia wanawake wafanyabiashara zaidi ya 3,000 wa masoko ya vijijini hapa Kenya. Waliofunzwa walichaguliwa kwa kura. Baada ya miaka mitatu, mauzo yao yalikuwa juu kwa asilimia 18 na faida kwa asilimia 15. Kwa hiyo mafunzo yanaweza kusaidia. Lakini angalia walivyopimwa: kwa fedha, baada ya miaka, na kando ya wenzao waliokosa kura. Hakuna aliyeulizwa kama chakula cha mchana kilikuwa kitamu.

Basi mwenye mradi mwingine wa kuwanoa wauza samaki wa Turkana apige kura vivyo hivyo, kundi moja lifunzwe sasa na la pili lisubiri. Aende na mizani. Atuambie kilo zilizofika Kakuma, kilo zilizotupwa njiani, mvuvi alilipwa kiasi gani na alisubiri malipo siku ngapi. Na kundi la tatu lisifunzwe chochote: lipewe chumvi, vichanja na turubai kwa thamani ile ile ya ukumbi, posho na vyeti. Nina hamu ya kuona ni mfadhili gani atakubali kundi hilo la tatu liwemo kwenye ripoti.