Kona ya Mwalimu: Kushuka Daraja Si Kufutwa

Leo naomba tuongee mpira kidogo. Kina mama msikunje karatasi, mtaona tunakokwenda.

Darasani kwangu, darasa la sita, kuna kijana anayeipenda Mbale Heroes kupita kiasi. Kaka yake anabeba mizigo huko Mbale, na ndiye aliyemwambukiza ugonjwa huo. Mwaka 2024 timu ilipopanda Ligi Kuu ya Uganda, kijana aliimba wiki nzima. Na si timu ya juzi. Mwaka 1976, ikiitwa Gangama United, ilichukua Kombe la Uganda, na mwaka 1999 ikalichukua tena kwa jina la Mbale Heroes.

Mimi nikaona hii ni hesabu ya bure. Ligi ina timu 16, kila moja inacheza na kila nyingine nyumbani na ugenini. Mechi ngapi? 30. Ukishinda zote unapata pointi ngapi? 90. Kila Jumatatu yule kijana aliandika msimamo ubaoni. Lakini wapi! Timu yake ilikuwa inaandikwa huko chini. Msimu wa 2024/25 ulipoisha, Heroes walishuka daraja pamoja na Bright Stars na Wakiso Giants. Mwaka mmoja tu juu, basi.

Desemba na yeye akashuka. Alama hazikutosha, akaambiwa arudie darasa. Wenzake wakamwimbia, "Heroes, mmeshuka wote wawili!" Muhula ulipofunguliwa hakuonekana. Wiki ya pili nikaenda kwao.

Baba yake alinikaribisha vizuri. Akasema, "Mwalimu, huyu nimempa nafasi, ameshindwa. Afadhali akalime kwa watu, tupate hata sabuni." Ni baba wa watoto watano, sikumwona mbaya. Nikamwambia, "Baba, tuhesabu kwanza." Tukahesabu. Asubuhi kijana anapanga foleni ya maji na jerikani mbili, anafika shuleni somo la pili limeshaanza. Hesabu ni somo la kwanza. Usiku nyumba ina tochi moja, na baba anaondoka nayo kwenda kulinda. Sasa huyo mtoto angesoma saa ngapi?

Hapo nikakumbuka Heroes. Timu nyingi za Ligi Kuu ziko Kampala na kandokando yake. Kutoka Mbale ni zaidi ya kilomita 200: unapita Tirinyi, Iganga, Jinja, unavuka Nile, na bado hujafika. Mechi ikiwa Mbarara unavuka karibu nchi nzima. Mimi nilipita njia ya Mbale mara moja kwa basi, nikashuka miguu imevimba, na sikuwa na mechi ya kucheza! Sisemi barabara ndiyo iliyowashusha, maana wapinzani nao walicheza. Lakini mtu akisema "wameshindwa" aangalie pia wametoka wapi.

Pale Jinja kuna BUL FC. Jina hilo ni la kampuni, Bidco Uganda Limited, wale wa mafuta ya kupikia. Mwaka 2022 BUL waliifunga Vipers 3-1 kwenye fainali, wakachukua Kombe la Uganda. Wachezaji walijituma, ndiyo, lakini nyuma yao kulikuwa na mwenye kushika gharama. Nikamwambia baba, "Mtoto naye anataka mtu nyuma yake."

Akanijibu, "Na mimi, Mwalimu, nani yuko nyuma yangu?"

Jamani, swali hilo sikuwa na jibu lake. Tulikaa kimya. Mwisho tukakubaliana kidogo tu: maji yachotwe jioni, na baba asitoke na tochi kabla ya saa mbili usiku. Muhula mmoja tu, tuone. Jumatatu kijana alirudi. Alikaa nyuma kabisa, kichwa chini. Nikampa chaki.

Timu ikishuka haifutwi. Heroes waliposhuka, ngazi iliyowangoja ilikuwa FUFA Big League, kulekule walikopandia. Na kurudia darasa ni hivyohivyo, mtoto bado ana ratiba. Anayemfuta ni sisi, tukimpa jembe siku ya matokeo. Mimi mwenyewe nilirudia kidato cha pili, na mama hakunificha kwa wageni. Ndiyo maana leo naandika hapa.

Kwa hiyo wazazi, kama mtoto wako anarudia mwaka huu, nakuomba mambo matatu. Usimlinganishe na mtoto wa jirani mbele ya watu. Hesabu saa zake kabla ya kuhesabu makosa yake. Na uje shuleni hata mara moja, tukae tuongee, hakuna malipo.

Na ninyi watoto, ule wimbo wa "mmeshuka" nimeusikia. Nikiusikia tena, mwimbaji ataniandikia msimamo wa timu zote 16 bila kukosea.

Tukutane mwezi ujao. Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.