Ambulensi si matatu ya haraka: Kalemng'orok inahitaji matibabu yanayotembea

Ukisimama kando ya barabara kuu ya A1 pale Kalemng'orok, dunia nzima inapita mbele yako. Malori ya kwenda Sudan Kusini. Matatu za Lodwar na Kitale. Bodaboda zenye magunia ya makaa. Mbuzi wanaovuka bila haraka kana kwamba lami waliiweka wao. Na mara moja moja, ambulensi ikilia ving'ora.

Ikipita, sisi hufanya nini? Tunasogea kando, tunasema "Mungu amsaidie", tunaendelea na stori zetu. Leo tunataka uulize swali ambalo hatulizoei: ndani ya gari lile, nani amekaa na mgonjwa? Na mikononi mwake ana nini?

Wengi wetu tunaamini kazi ya ambulensi ni kukimbia. Ndiyo maana wanasiasa wakizindua magari mapya tunahesabu magari, tunapiga picha na ving'ora, basi. Lakini gari linalokimbia tu na mgonjwa amelala nyuma peke yake ni matatu yenye kitanda. Ambulensi ya kweli ni matibabu yanayotembea, na hapa Turkana, ambako safari ni ndefu, tofauti hiyo ndiyo inaamua nani anarudi nyumbani.

Hebu tuangalie ramani. Kalemng'orok iko Turkana Kusini, kati ya Lokichar na Kainuk. Ukigongwa na lori hapo, hospitali ya rufaa ya kaunti iko Lodwar, kaskazini, ng'ambo ya Lokichar. Sasa tuseme umefika Lodwar, na jeraha lako la kichwa linahitaji daktari bingwa aliye Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Njia ya kwenda huko ni ile ile A1, kuelekea kusini. Yaani utapita tena Kalemng'orok, mbele ya mlango wa mama yako, saa kadhaa baada ya kuumia, ukiwa bado hujafika unakohitaji kufika. Na mgonjwa wa Kakuma, aliye takriban kilomita 120 zaidi ya Lodwar, akipewa rufaa kwa barabara atapita hapo hapo.

Sasa tufanye hesabu ya oksijeni. Si ngumu, ni hesabu ya shule ya msingi.

Mtungi mdogo wa oksijeni wa aina inayobebwa sana kwenye ambulensi hushika takriban lita 680. Mgonjwa anayepumua kwa shida anaweza kuhitaji lita 10 kila dakika. Gawa: dakika 68. Ukiondoka Lodwar kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gesi inaisha baada ya kilomita 90 hivi. Uko maeneo ya Lokichar. Kalemng'orok bado iko mbele, Kitale ndiyo usiseme, maana kutoka Lodwar hadi Kitale ni karibu kilomita 300. Safari ya muda wa saa tano inataka lita 3,000, yaani mitungi mitano ya aina hiyo, au mtungi mmoja mkubwa uliofungwa vizuri ndani ya gari. Ukiweka mmoja mdogo na dereva mwenye mguu mzito, umempa mgonjwa nusu ya nusu ya safari. King'ora hakitoi oksijeni.

Damu nayo haisubiri. Mtu mzima ana takriban lita tano mwilini. Akipoteza lita mbili, uhai wake uko kwenye uzi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufika hapo kabla hata gari halijawashwa. Ubongo ukikosa hewa, unaanza kuharibika ndani ya dakika chache tu. Kwa hivyo kuna mambo ambayo ni lazima yafanywe kabla ya safari na wakati wa safari: njia ya hewa ifunguliwe, damu izuiwe, dripu iwekwe, shinikizo la damu lipimwe tena na tena, mgonjwa afunikwe. Ndiyo, afunikwe hata katika joto la Lodwar, kwa sababu mtu aliyepoteza damu nyingi hupoa haraka, na mwili uliopoa hushindwa kugandisha damu.

Wataalamu wana kanuni: usimhamishe mgonjwa kabla ya kumtuliza kadiri unavyoweza, na usiondoke kabla hujaipigia hospitali unakoenda. Mgonjwa akitolewa zahanati moja kwenda hospitali nyingine bila simu, bila karatasi inayoeleza alichopewa, bila mhudumu anayejua hali yake, kinachofanyika pale ni kusukuma mzigo, hata kama kwenye daftari kimeandikwa "rufaa".

Usidhani hii ni shida ya Turkana pekee. Oktoba 2015, mtu aliyegongwa na gari alikaa muda wa saa 18 ndani ya ambulensi akizungushwa Nairobi, akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Alifariki. Jiji lenye hospitali kubwa kuliko zote nchini, lenye lami kila upande, na bado mtu alimaliza siku yake ya mwisho kwenye maegesho. Kilichokosekana hakikuwa mwendo kasi. Kilikosekana kitanda, na mfumo wa kujua mapema kitanda kiko wapi.

Sheria inasemaje?

Sheria iko upande wako, na inafaa uijue kama unavyojua nambari yako ya simu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaenda mbali zaidi: matibabu ya dharura yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, kumtuliza mgonjwa, na kumpangia rufaa pale uwezo unapokosekana. Hospitali yenye uwezo ikikataa kumpa mtu huduma hiyo, inaweza kupigwa faini ya hadi shilingi milioni tatu. Katiba hiyo hiyo, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya huduma za ambulensi. Na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, ile iliyotuletea SHA, ilianzisha hazina maalumu ya dharura, magonjwa sugu na mahututi.

Kwa hivyo mtu akikuambia "ambulensi ipo ila mchange mafuta", anakuuzia haki yako mwenyewe.

Tunajua jibu litakalokuja: Turkana ni kubwa, ni mbali, barabara ina majangili, pesa ni kidogo. Si uongo. Kipande cha kati ya Kainuk na Lokichar kimeona damu nyingi, na Februari 2023 serikali ililazimika kutuma wanajeshi Kaskazini mwa Bonde la Ufa kusaidia polisi. Hakuna mhudumu anayepaswa kufa akimwokoa mwingine. Lakini umbali na hatari ni sababu ya kuwa na wahudumu wazuri zaidi na vifaa vingi zaidi. Haziwezi kuwa sababu ya kuwa na vichache.

Tena usikubali kuambiwa ati haiwezekani huku kwetu. Kuanzia 1987 hadi 2006, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliendesha hospitali Lopiding, Lokichoggio, mbele ya Kakuma. Maelfu ya majeruhi wa vita vya Sudan waliletwa hapo, wengi kwa ndege kutoka porini, wakafanyiwa upasuaji katika ardhi hii hii ya Turkana. Kama majeruhi wa vita vya jirani aliweza kuvushwa mpaka akiwa hai, mama wa Katilu anaweza kuvushwa hadi Lodwar akiwa hai. Amref nao wamekuwa wakirusha madaktari Afrika Mashariki tangu 1957. Lakini ndege haiji kukuchukua chini ya mti wa mwiba. Kuna mtu lazima akuweke hai mpaka uwanja wa ndege, na mtu huyo ndiye tunayemzungumzia.

Vijana wanaweza kuifanya kazi hii?

Kabla ya 1967, katika mji wa Pittsburgh, Marekani, ukiugua ghafla ulibebwa na gari la polisi au hata gari la kubebea maiti. Mtaa wa watu weusi wa Hill District ndio uliumia zaidi. Mwaka huo ilianzishwa huduma iliyoitwa Freedom House. Walichukua vijana weusi wa mtaa, wengi hawakuwa na kazi, wengine hawakuwa wamemaliza shule, na Dkt Peter Safar akawafundisha kwa miezi kadhaa kufungua njia ya hewa, kushtua moyo, kutibu ndani ya gari linalokwenda. Watu waliwadharau. Halafu wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza wa aina hiyo Marekani, na mafunzo yao yakageuka msingi wa wengine. Huduma yao ilifungwa 1975. Daktari mwanamke aliyewasimamia miaka ya mwisho, Nancy Caroline, baadaye alikuja huku kwetu Afrika Mashariki kufanya kazi na Amref.

Karibu zaidi, angalia Tanzania. Mpango wa m-mama ulianzia Kanda ya Ziwa, na 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kitaifa. Mama mjamzito au mzazi mwenye mtoto mchanga akipata dharura, simu inapigwa 115. Anayepokea anauliza dalili, anaangalia ambulensi iko wapi, na ikiwa haipo karibu anamtuma dereva wa kawaida wa mtaani aliyesajiliwa, ambaye analipwa kupitia simu. Hospitali nayo inaarifiwa. Dereva yule si daktari, na hajifanyi. Nguvu ya mpango ni kwamba simu moja inaunganisha nyumba, gari na kitanda.

Sasa weka mambo hayo mawili pamoja, ulete Kalemng'orok. Vijana wa boda na wa maduka kando ya barabara ndio hufika kwanza kwenye ajali, kila mara. Wapo tayari. Hawana mafunzo tu.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu. Kaunti ya Turkana iweke kituo cha wahudumu wa dharura Kalemng'orok, katikati ya safari, chenye wahudumu waliofuzu zamu zote za mchana na usiku, oksijeni ya kubadilisha, dawa za kuzuia damu na dawa ya sumu ya nyoka. Kila ambulensi ya rufaa iondoke na mhudumu aliyefunzwa kumhudumia mgonjwa njiani, na oksijeni ihesabiwe kwa urefu wa safari pamoja na akiba. Safari ya rufaa isianze bila simu kwa hospitali inayopokea, na polisi wa barabarani wajue mapema ni gari gani linakuja, ili lisisubiri usindikizwaji kama lori la mizigo. Na kila mwezi kaunti itutangazie: simu ngapi zilipigwa, gari lilichukua muda gani kufika, wangapi walifika wakiwa hai. Idadi ya magari yaliyozinduliwa haituambii lolote.

Nawe, msomaji, usikae ukisubiri kaunti. Kabla hujafunga ukurasa huu, hifadhi 1199 ya Msalaba Mwekundu kwenye simu yako, pamoja na nambari ya kituo cha afya kilicho karibu na kwenu. Ukipiga, sema kwanza mahali ulipo, kisha idadi ya walioumia, kisha kama wanapumua. Damu ikitoka, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, na usiachilie kila dakika kuchungulia. Aliyezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu ili asisongwe na matapishi. Aliyeanguka kwa kishindo usimvute kichwa wala shingo, isipokuwa gari linawaka moto. Usimpe maji wala soda. Na tafadhali, usimkunje mtu aliyevunjika mgongo katikati ya wawili kwenye boda ati mnamuwahisha. Mkiwa kwenye chama cha boda, au kikundi cha kanisa au msikiti, changeni mlete mkufunzi wa huduma ya kwanza wikendi moja. Ni bei ya mechi mbili za kubeti.

Halafu siku ya mkutano wa bajeti ya kaunti, nenda. Vijana tunaziachia hizo siku wazee na wanakandarasi, kisha tunalia mitandaoni. Mgombea au waziri wa kaunti akisema "tumewanunulia ambulensi mpya", usipige makofi bado. Inua mkono, muulize kwa heshima: Mheshimiwa, nani atakaa nyuma na mgonjwa, na oksijeni itafika wapi?

Akijibu "Lokichar", mwambie Kalemng'orok bado iko mbele.