Mwalimu Amjue Mtoto wa Kainuk

Kila mwanafunzi wa ualimu aliyesoma saikolojia ya makuzi amelikuta jina la Mary Ainsworth. Hulikariri kwa ajili ya mtihani, pamoja na kile chumba cha majaribio cha Baltimore, ambamo mama humwacha mtoto kwa dakika chache kisha akarudi. Lisilosisitizwa ni kwamba kazi hiyo ilikuwa na chimbuko lake hapa Afrika Mashariki.

Bibi Ainsworth, aliyezaliwa Ohio mwaka 1913 na kulelewa Toronto, alifika Kampala mwaka 1954 akifuatana na mumewe. Hakuwa na maabara. Akisaidiwa na mkalimani, alizitembelea jamaa 26 za Waganda vijijini, takriban kila baada ya majuma mawili, kwa miezi kadhaa. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mamaye huthubutu kutambaa mbali, akachunguza vitu, kisha akarejea kwake. Aliona pia kwamba mama aliyeweza kueleza kwa undani tabia za mwanawe aghalabu ndiye aliyekuwa na mtoto mtulivu. Hayo yamo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Alifariki mwaka 1999.

Somo hilo linawahusu walimu wa mahali kama Kainuk, mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, ambako uvamizi wa wezi wa mifugo umewahi kufunga shule na kuzihamisha jamaa. Mtoto wa huko akiingia darasani kimya, akishtuka mlango unapobamizwa, ni rahisi kumwita mzito wa akili. Kumbe huenda amepoteza mtu wa kumkimbilia. Tena yamkini hulelewa na nyanya na dada zake pia, wala si mama peke yake. Chumba cha Baltimore hakikuundwa kwa ajili yake.

Je, tuvitupe vitabu? La hasha! Tumwige mwandishi wake. Vyuo vyetu viwatake walimu wanafunzi wamfuatilie mtoto mmoja muhula mzima: nani humlisha, nani humbembeleza, hucheza nini, huchunga mbuzi wangapi. Pale usalama usiporuhusu kufika bomani, mlezi aalikwe shuleni. Kazi hiyo itahiniwe sawa na karatasi yoyote.

Wahenga walinena, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini mwalimu atamleaje asiyemjua?