Kivuko cha Kilambo kisiachiwe maji kujaa na kupwa



Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu kivuko cha Kilambo, mpakani mwetu na Msumbiji. Mimi ni mfanyabiashara wa jumla hapa Mtwara mjini. Nauza mchele, unga, mafuta ya kula na vyombo vya plastiki. Zamani wateja wangu wengi walitoka ng'ambo ya Mto Ruvuma, hasa Palma na Mocímboa da Praia. Leo duka linaishi kwa msimu wa korosho, na msimu ukiisha tunabaki kuangaliana.

Mtwara inatajwa sana siku hizi kwa sababu ya bandari, na ni haki yake. Ina kina cha asili ambacho miji mingi ya pwani haina. Waingereza waliijenga baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya mradi wa karanga. Mradi ukafa, reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa, bandari ikabaki. Sasa imeongezewa gati la mita 300, korosho zinapakiwa hapa hapa badala ya kubebwa kwa malori hadi Dar es Salaam, na makaa ya mawe ya Ruvuma nayo yanateremka. Tunashukuru. Minada inapoanza Oktoba, vibarua wa maghalani wanapata, mama ntilie wanapata, bodaboda wanapata. Lakini ikifika Machi, kijana yule yule aliyekuwa akibeba magunia unamkuta kijiweni Chikongola tangu asubuhi. Sehemu kubwa ya korosho yetu inaondoka ikiwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Mji unabaki na ujira wa kubeba.

Biashara ya mpakani haina msimu. Mtu wa Palma anakula wali mwaka mzima, anaezeka mwaka mzima, na samaki wake anataka kumuuza mwaka mzima. Fedha yake inazunguka sokoni kwetu, kwenye nyumba za wageni, kwa mafundi, kwa wenye pikipiki. Ndiyo maana naumia ninapoiona Kilambo ilivyo.

Pale pantoni husubiri maji ya bahari yajae ndipo ivuke, maana mto karibu na mlango wake umejaa mafungu ya mchanga. Maji yakishakupwa, lori lililochelewa linalala. Siku za maji mafu hali ni mbaya zaidi. Hakuna ubao unaomwambia msafiri pantoni itaondoka saa ngapi, hakuna banda la maana la kuhifadhia mzigo, na mvua ikinyesha kila mtu na turubai lake. Anayeshindwa kusubiri anakimbilia mtumbwi au boti ya mashine, katika mto wenye mamba na viboko.

Nilimkuta pale mama mmoja, mteja wangu, amejaribu kuvusha viroba vya unga kwa mtumbwi na amelazimika kurudi navyo. Viroba viwili vya chini vilikuwa vimeloa. Alivipasua kwa wembe, akatandika khanga yake juu ya mchanga, akawa anachota ule unga mkavu wa katikati kwa viganja kuunusuru, na ule uliokwisha shikamana anaumwaga pembeni. Mtaji wake ni mkopo wa kikundi, na marejesho ni kila wiki. Kikundi hakiulizi maji yalikupwa saa ngapi.

Tutaambiwa lipo Daraja la Umoja. Ni kweli, lilifunguliwa mwaka 2010 pale Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, na ni kazi kubwa ya mataifa mawili. Lakini kutoka Mtwara mjini inabidi upande hadi Masasi, upite Mangaka, ndipo uteremke mtoni, na ukivuka bado uko bara, mbali na Palma. Kwa mwenye mzigo wa magunia machache nauli inamaliza faida.

Tutaambiwa pia habari ya usalama, na hili silichukulii wepesi. Mashambulizi katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, yalianza Oktoba 2017, kijiji chetu cha Kitaya kilivamiwa Oktoba 2020, na Palma ikafuatia Machi 2021. Wamakonde tuko pande zote mbili za mto. Waliokimbia ni ndugu zetu. Hakuna anayeomba mpaka uachwe wazi. Ninachosema ni kwamba anayepanda pantoni anaandikishwa, anakaguliwa, anajulikana. Kivuko kikiwa cha kubahatisha, watu wanapita njia za panya, na huko askari hawaoni mtu.

Jambo lingine linalonikera ni karatasi. Mwenzangu wa Tanga akipita Horohoro kwenda Kenya na bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000, anapata cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani. Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini wote tuko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Kwa nini mama mwenye viroba sita Kilambo apitie mlolongo wa mwenye kontena?

Na wakati ni huu. Mradi wa gesi wa Afungi, karibu na Palma, uliosimama baada ya shambulio la mji huo, utahitaji chakula, saruji na mabati. Palma iko karibu zaidi na Mtwara kuliko na Pemba, makao makuu ya jimbo lao. Saruji tunaizalisha hapa hapa tangu 2015. Tusipojipanga, mzigo huo utapita baharini mbele ya macho yetu.

Naomba wahusika waanze na yaliyo ndani ya uwezo wao. Saa za maji kujaa na kupwa hujulikana mwaka mzima kabla, na bandari huzitumia kila siku. Basi ratiba ya pantoni itolewe kwa mwezi na ibandikwe Kilambo na Soko Kuu. Lijengwe ghala lenye paa na sakafu. Mchanga uchimbuliwe kwenye njia ya pantoni, na mazungumzo na wenzetu wa Msumbiji kuhusu wafanyabiashara wadogo yaanze sasa. Oktoba viongozi watakuja kwenye minada ya korosho kama kawaida. Safari hii wafike na Kilambo, tena maji yakiwa yamekupwa.

Mfanyabiashara, Mtwara