Mtaka cha Mvunguni: Walimu Waliomlea Akii-Bua

Mbio hukumbukwa kwa jina la aliyeshinda. Yule aliyesimama kando ya kiwanja siku zote, saa mkononi na jua utosini, akirudia neno moja mara mia, aghalabu husahauliwa kabla vumbi halijatua. Hata hivyo hakuna bingwa asiye na mwalimu, na habari za John Akii-Bua wa Uganda ni ushahidi wa jambo hilo.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, Ujerumani Magharibi, askari polisi huyo alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na mwanadamu aliyemaliza mbio hizo chini ya sekunde 48. Rekodi ya dunia ilikuwa sekunde 48.12, iliyowekwa na Mwingereza David Hemery mjini Mexico mwaka 1968. Hemery mwenyewe alikuwamo katika mbio za Munich, akatoka wa tatu, nyuma ya Ralph Mann wa Marekani. Hivyo ndivyo Uganda ilivyopata nishani yake ya kwanza ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki.

Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Lango, kaskazini ya Uganda, katika jamaa kubwa yenye wake wengi na watoto wengi zaidi. Utotoni alichunga ng'ombe wa baba yake. Alipokua akajiunga na polisi mjini Kampala, na huko ndiko alikokutana na mwalimu wake wa kwanza wa viunzi, afisa wa polisi aitwaye Ochana, ambaye naye alikuwa mruka viunzi mashuhuri katika Afrika.

Ochana hakuwa na vyombo vya anasa, lakini alikuwa na akili ya kazi. Aliona kwamba kijana wake anaruka juu mno, na kila anapopaa hewani anapoteza wakati. Basi akautandika ufito wa kuruka juu, futi chache juu ya kiunzi, ili kijana apite katikati, kichwa kikiwa kimeinamishwa. Aliyesahau kuinama aligonga ufito kwa paji la uso. Akii-Bua alisimulia baadaye kwamba alitoka damu mara nyingi, na kovu la mafunzo hayo alibaki nalo. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa Ochana methali hiyo ilikuwa somo la kila siku.

Mwaka 1968 alifika Kampala Mwingereza Malcolm Arnold, kijana wa miaka 28, kuwa mkurugenzi wa mafunzo ya riadha nchini. Hakuwa na jina kubwa wakati huo. Kampala nayo ya siku zile haikuwa na kiwanja chenye sakafu ya mpira kama kile cha Munich, na mafunzo yalifanyika katika uwanja wa Wankulukuku. Arnold alimkuta Akii-Bua akishindana katika viunzi vya mita 110 na hata katika michezo kumi. Alimtazama, akampima, akamshauri aingie katika mita 400.

Ushauri huo haukuleta matunda mara moja. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, mwaka 1970, Akii-Bua alitoka wa nne, akakosa nishani. Mganda mwenzake, William Koskei, ndiye aliyepata ya fedha. Mwalimu asiye na subira angemwacha aliyeshindwa na kumshika aliyeshinda. Arnold alirudi naye kiwanjani. Mwaka uliofuata, huko Durham, Marekani, katika mashindano baina ya Afrika na nchi hiyo, kijana akawashinda wenyeji kwa muda wa sekunde 49.0. Wajuzi wa riadha wakaanza kuuliza ni nani huyu.

Mazoezi ya kujiandalia Munich yalikuwa mazito kwa maana halisi ya neno. Mwanafunzi alivikwa fulana iliyotiwa uzito. Viunzi vya mbio za mita 400 vina kimo cha inchi 36. Yeye aliwekewa vya inchi 42, akavikimbia kwa masafa marefu kuliko yale ya mashindano. Maana yake ni nyepesi kufahamika: aliyezoea kupanda mlima na mzigo kichwani, siku atakapoutua na kutembea tambarare atajiona kama ana mabawa.

Hapo pana jambo la ufundi linalofaa kuelezwa, kwa kuwa watazamaji wengi hawaligundui. Katika mbio hizi kuna viunzi kumi. Kutoka mwanzo hadi cha kwanza ni mita 45, baina ya kiunzi na kiunzi ni mita 35, na kutoka cha mwisho hadi utepe ni mita 40. Mkimbiaji hana budi kuhesabu hatua zake. Anayeruka kwa mguu mmoja tu lazima hatua zake ziwe witiri, 13 au 15. Akichoka katikati ya njia, hulazimika kuongeza hatua mbili kwa pamoja, na mwendo wake hukatika. Akii-Bua alijua kuruka kwa mguu wowote, wa kushoto au wa kulia. Kwa hiyo aliweza kupiga hatua 14, akapunguza mwendo kidogo kidogo pale ambapo wenziwe waliupunguza kwa kishindo. Ustadi huo haupatikani siku ya mashindano. Hupatikana asubuhi nyingi zisizo na mtazamaji.

Siku ya fainali bahati ilionekana kumpa kisogo, maana alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali kuliko zote. Lakini alipotoka katika kona ya mwisho alikuwa amekwisha waongoza. Baada ya kumaliza hakuketi chini kupumua. Alizunguka uwanja kwa furaha, akiruka viunzi kana kwamba mbio ndiyo kwanza zinaanza.

Lakini furaha ile haikudumu. Serikali ya Idi Amin ilimpandisha cheo na kumpa nyumba, na barabara moja mjini Kampala ikaitwa kwa jina lake. Hata hivyo zama zile zilikuwa za mauaji, na watu wa Lango na Acholi waliuawa kwa wingi, wakiwamo jamaa zake. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwamo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi. Akii-Bua hakupata nafasi ya kuitetea nishani yake, na Edwin Moses wa Marekani akaivunja rekodi yake huko. Mwaka 1979, vita vilipomwondoa Amin, alikimbilia Kenya pamoja na familia yake, akawekwa katika kambi ya wakimbizi, kisha akasaidiwa na kampuni ya viatu ya Puma kwenda Ujerumani Magharibi. Alishiriki Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, lakini hakufika fainali.

Arnold alikuwa ameondoka Uganda mwaka ule ule wa 1972. Aliwafundisha wanariadha wa Wales kwa muda wa miaka 20 hivi, akamlea Colin Jackson, aliyeweka rekodi ya dunia ya viunzi vya mita 110 mwaka 1993. Baadaye akawa mwalimu mkuu wa riadha wa Uingereza, na kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Bath. Mwaka 2011 mwanafunzi wake Dai Greene akawa bingwa wa dunia wa mbio zile zile za mita 400 za viunzi. Miaka 39 ilikuwa imepita tangu Munich, na mwalimu alikuwa bado kando ya kiwanja.

Akii-Bua naye alirejea nyumbani mwaka 1983. Akarudi katika polisi, akashika kazi ya kuwafundisha vijana. Kile alichopewa na Ochana na Arnold hakukifungia sandukuni. Alifariki dunia tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za taifa.

Uganda ilingoja miaka 40 kuipata dhahabu ya pili ya Olimpiki. Aliyeileta, mjini London mwaka 2012, ni mkimbiaji wa marathoni Stephen Kiprotich, askari wa Idara ya Magereza. Joshua Cheptegei, aliyeshinda Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024, ni afisa wa polisi. Hivyo kambi ya askari imebaki kuwa shule ya riadha, kama ilivyokuwa siku za Ochana.

Basi mzazi aishiye kambini, mwenye mtoto apendaye kukimbia, asiulize kwanza habari za viatu vya ghali. Na amtafute mwalimu mwenye subira, amwache mtoto arudie somo lake mpaka alijue, wala asimkemee atakapotoka wa nne. Baba afisa au mama askari aliyewahi kukimbia zamani naye anao wajibu wake: jioni moja kwa juma, saa mkononi, awakusanye watoto wa majirani. Ufito na viunzi viwili vya mbao vyatosha kuanzia. Ochana hakuanza na zaidi ya hivyo.