Fimbo ya Mbali

Wako wataalamu watuambiao kuwa siku hizi akiolojia haina siri: vipimo, picha na ramani za machimbo vimetiwa katika kompyuta, na kila apendaye aweza kuvisoma. Maneno hayo twayasikia kwa heshima, lakini hatuyakubali. Mlango waweza kuachwa wazi, na mwenye mali asijue njia ya kuufikia.

Tuchukue mfano wa Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika bonde la mto Lualaba nchini Kongo. Mwaka 1957 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua hapo makaburi ya kale. Hiernaux akarudi mwaka 1958, naye Pierre de Maret akaiendeleza kazi katika miaka ya 1970. Vikatoka vyungu, vyombo vya chuma, mapambo ya shaba, na misalaba midogo ya shaba ambayo wataalamu huihesabu kuwa fedha ya zamani. Ikathibitika kwamba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita bonde lile lilikuwa na mafundi hodari. Kwa elimu hiyo twawashukuru wachimbuaji. Lakini kitabu cha machimbo ya 1957 kilichapwa Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1963, tena kwa Kiingereza! Mtoto wa Kisale, aliyefundishwa shuleni kwa Kifaransa, angeyasoma wapi ya babu zake?

Hofu yetu ni kwamba kosa la karatasi litarudiwa na kompyuta. Mtaalamu ana namba ya shimo, kina cha tabaka na umri wa mkaa. Mwenyeji ana jina la kilima, ukoo unaokitunza, na habari za waliozikwa hapo. Nusu hizo mbili zisipoandikwa katika daftari moja, hakuna anayeijua Sanga nzima. Na hasara yake si ya wasomi peke yao. Katanga ni nchi ya migodi, ambako ardhi hupinduliwa kila siku. Afisa wa urithi asiye na ramani ya makaburi atayateteaje mbele ya mashine? Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wengine hujibu kuwa ramani zikitolewa, wezi wa vitu vya kale watafuata. Hoja hiyo ina uzito. Basi mahali hasa pa makaburi pafichwe kwa umma, lakini pasifichwe kwa walinzi wenyewe! Kumnyima mlinzi ufunguo ili kumzuia mwizi ni ulinzi gani?

Wala hatuombi lisilowezekana. Mwaka 2021 makumbusho ya Tervuren iliikabidhi Rwanda nakala za kidijitali za rekodi za muziki zaidi ya 4,000. Mwezi Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliipa Kongo orodha ya vitu 84,000 hivi vilivyomo katika makumbusho hiyo. Ni hatua njema. Hata hivyo, orodha ikibaki katika ofisi ya mji mkuu, mwanakijiji wa Kisale hajapata kitu.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila mchimbuaji aache nakala kamili ya data zake katika ofisi ya urithi ya mahali alipochimba, kwa namna isomekayo hata pasipo intaneti. Pili, majina ya wenyeji yaandikwe kando ya namba za wataalamu. Tatu, muhtasari utolewe kwa lugha wanayosoma watu wa pale. Na katika Katanga Kiswahili hakiwezi kuachwa nje.

Na hapo lawama yaturudia sisi walimu. Tumewapa wanafunzi wetu maneno ya kutajia tabaka, kigae na ufinyanzi? Tumewatuma kwa wazee wakaandike majina ya vilima? Mtaalamu akija kesho na data zake mkononi, atatukuta tuna daftari la kuzipokea? Tulianze daftari hilo sasa, wazee wangali hai.